Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Wepesi wa Kuhisi Vidole kwenye Skrini ya Mguso Inayotumia Kamera

Meza ya mguso niliyoijenga kwa ajili ya watoto wa ukumbi mmoja wa kijamii huko Eastlands, Nairobi, ilifanya kazi vyema asubuhi nzima ya siku yake ya kwanza. Ilipofika saa kumi alasiri jua likapenya dirisha la magharibi, na picha zilizokuwa juu ya meza zikaanza kusogea zenyewe, kana kwamba zinasukumwa na vidole visivyoonekana. Nilifungua programu, nikapandisha kizingiti, yaani kiwango cha mwangaza kinachohesabiwa kuwa mguso, hadi miguso hiyo ya uongo ikatoweka, kisha nikaenda nyumbani nikiamini kwamba tatizo limekwisha. Kesho yake asubuhi mtoto wa kwanza alibonyeza kioo mara tatu, akanigeukia na kusema, "Mwalimu, imekataa."

Kosa langu halikuwa katika namba niliyoichagua, bali katika mahali nilipoanzia. Kwenye skrini inayotegemea kamera, wepesi wa kuhisi kidole haukai katika kitelezi kimoja, yaani kitufe kimoja cha kusogeza kwenye programu. Ni matokeo ya mlolongo unaoanzia kwenye taa na dirisha, ukapitia lenzi, ukaingia katika hesabu za picha, na kuishia kwenye kizingiti. Kila hatua hurithi makosa ya ile iliyoitangulia, na kitelezi cha mwisho hakiwezi kurudisha kile ambacho taa au lenzi imekwisha kukipoteza. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mlolongo huo huo, na ninakuomba usiguse kizingiti mpaka ufike kwenye sehemu yake, hata kama unaona kinakuvuta.

Maelezo yanahusu skrini ambayo kamera yake imewekwa nyuma ya kioo, pamoja na projekta, na kutazama ncha za vidole kwa mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Mimi hutumia Community Core Vision, programu huria iliyotokana na jumuiya ya NUI Group, lakini kazi ni ile ile ukitumia reacTIVision, programu nyingine ya aina hiyo, au ukiandika programu yako mwenyewe kwa msaada wa OpenCV, maktaba ya kuchakata picha. Majina ya vitelezi yatatofautiana, ila kila kimoja utakitambua kwa kazi yake.

Kamera huona nini

Kuna njia mbili kuu za kuangaza skrini za aina hii, na ni lazima ujue ya kwako ni ipi kabla ya kurekebisha chochote. Katika njia ya kwanza, taa ndogo za LED hupangwa kwenye kingo za kioo cha akriliki, na mwanga wake husafiri ndani ya kioo ukidundadunda kati ya nyuso zake mbili, kwa sababu kila mwale unaougonga uso kwa pembe inayozidi nyuzi 42 hivi, ikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso huo, hurudishwa ndani. Kidole kinapogusa, mwanga hutoroka mahali pale pale na kushuka kwa kamera kama doa kali. Njia hii ilipata umaarufu baada ya Jeff Han kuionyesha mnamo 2005 na 2006. Katika njia ya pili, taa huwekwa chini pamoja na kamera na kumulika skrini yote kupitia karatasi inayosambaza mwanga, kisha kidole kinachogusa huonekana kwa sababu kinarudisha mwanga mwingi kuliko mkono ulio juu zaidi. Meza ya Surface iliyotangazwa na Microsoft mwaka 2007 ilitumia kanuni hii ya pili.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua adui wako ni nani. Kwa njia ya kwanza adui ni kidole kikavu, kwa sababu ngozi kavu haishikani vizuri na akriliki na mwanga hautoroki wa kutosha. Dawa yake ni utando mwembamba wa silikoni juu ya kioo, si kitelezi. Kwa njia ya pili adui ni mkono unaoelea, ambao kamera huuona kabla haujagusa. Kwa sababu hiyo, namba za mtu mwingine zilizoandikwa mahali fulani hazitakufaa hata kama kamera zenu ni za aina moja.

Anza na mwanga, si programu

Zima taa zako za infraredi, acha kamera ikiwa imewashwa, kisha tazama picha ghafi. Chochote unachokiona sasa ni mwanga usioualika. Kwenye picha ya rangi ya kijivu kila pikseli ina thamani kati ya 0, yaani giza tupu, na 255, yaani weupe kamili. Mimi hukataa kuendelea ikiwa sehemu yoyote ya skrini inazidi 40 wakati taa zangu zimezimwa. Badala ya kuendelea, huhamisha meza au kuziba dirisha.

Hapa Nairobi jua ndilo linalostahili kuchunguzwa kwa uangalifu zaidi. Mji wetu uko takriban nyuzi 1.3 kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia upande wa kusini kwa miezi iliyobaki. Meza iliyorekebishwa mwezi wa Julai karibu na dirisha linalotazama kusini, wakati wa mawingu na baridi, itaonekana kuwa imetulia kabisa. Desemba dirisha lilo hilo litaanza kuingiza jua, hasa asubuhi na jioni linapokuwa chini. Usiamini kipimo cha saa moja. Tazama picha ghafi saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri, uandike thamani ya juu kabisa kila mara, na usipime siku ya mawingu peke yake.

Pazia nalo linahitaji kupimwa, kwa sababu kitambaa kinachoonekana cheusi kwa macho kinaweza kupitisha au kurudisha infraredi kwa wingi. Njia ya hakika ni kukishika mbele ya kamera iliyo tayari kwa infraredi na kutazama kama bado kinaonekana cheusi. Kwa upande wa taa za ndani, balbu za zamani zenye uzi na zile za halojeni hutoa infraredi nyingi mno na inafaa ziondolewe chumbani. Balbu za LED za kawaida na tyubu za fluorescent hutoa kidogo sana.

Sasa washa taa zako. Taa za LED za nanomita 850 huonekana vizuri zaidi na kamera nyingi za bei nafuu, ilhali zile za nanomita 940 huonekana hafifu lakini hukutana na ushindani mdogo kutoka kwa jua, kwa kuwa mvuke wa maji ulio angani hufyonza sehemu ya mwanga wa jua katika eneo hilo. Kwa chumba chenye pazia nzuri ningechagua 850. Kwa ukumbi wenye madirisha mapana ningevumilia 940 na kuongeza idadi ya taa. Usitazame taa hizi kwa karibu: jicho haliuoni mwanga wake, kwa hiyo halifumbi kujikinga. Kwa skrini zinazotumia leza za infraredi onyo hili ni zito zaidi, na leza isiwashwe kamwe ikiwa kuna mtoto anayeweza kuinama chini ya meza.

Ugavi wa umeme wa taa ni jambo ambalo watu wengi hulisahau. Ukinunua taa na waya barabara ya Luthuli, nunua pia adapta ya volti 12 iliyo imara, isiyoyumba pale umeme wa nyumba unapopanda au kushuka, kwa sababu adapta dhaifu hupitisha mtikisiko huo moja kwa moja hadi kwenye mwangaza wa taa, na programu itauona kama madoa yanayotokea na kupotea. LED hupungua mwanga kidogo zinapopata joto. Ziwashe kwa dakika 30 kabla ya kupima chochote.

Kamera: zima kila kinachojirekebisha chenyewe

Kamera za kawaida hutengenezwa ili zijibadilishe kulingana na mwanga, na tabia hiyo, ambayo ni nzuri kwa simu za video, huharibu kabisa kazi yetu. Mtoto akiweka kiganja kizima mezani, kamera huona mwanga mwingi, hupunguza upokeaji wake, na vidole vya mtoto wa upande wa pili hufifia ghafla. Fungua mipangilio ya kamera na uzime urekebishaji wa kiotomatiki wa muda wa kupokea mwanga, wa ukuzaji wa ishara na wa mizani ya weupe. Kisha funga programu, uifungue tena, na uhakikishe kwamba mipangilio imebaki, kwa sababu baadhi ya kamera huirejesha ile ya awali bila kukuarifu.

Lenzi iliyoondolewa kichujio chake cha kuzuia infraredi inahitaji kulengwa upya, kwani infraredi hukutana katika umbali tofauti na ule wa mwanga wa kawaida. Mahali pa kichujio hicho weka kinachozuia mwanga unaoonekana, ili kamera isione picha za projekta. Kipande cheusi kutoka mwisho wa filamu ya rangi iliyokwisha kusafishwa bado hufanya kazi hiyo ukibahatika kukipata kwa mpiga picha wa zamani.

Weka muda wa kupokea mwanga kwanza, na ukuzaji wa ishara mwisho, kwa sababu ukuzaji huongeza chenga, yaani vidoa vya ovyo kwenye picha, pamoja na mwanga. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazotumia umeme huo humetameta mara 100 kwa sekunde. Muda wa milisekunde 10 huchukua mmeto mmoja kamili na kuifanya picha itulie, na bado unatoshea ndani ya fremu moja ya kamera inayopiga fremu 60 kwa sekunde. Kisha gusa kioo kidogo tu, kama unayegusa uji kujua kama umepoa. Doa la mguso huo kwenye picha ghafi liwe kati ya 150 na 200. Likifika 255 limeshapoteza umbo lake, na programu haitajua kitovu chake kiko wapi. Likiwa chini ya 80, ongeza taa kabla ya kufikiria ukuzaji.

Mandharinyuma na kasi ya kujifunza

Programu hunasa picha ya skrini tupu, kisha huitoa kutoka kwa kila fremu mpya, ili kinachobaki kiwe ni kile tu kilichobadilika. Ondoa mikono yote mezani, zima au tuliza picha ya projekta, ndipo unase. Hadi hapo ni rahisi.

Ugumu uko kwenye chaguo la mandharinyuma yanayojifunza, yaani yanayofuata polepole mabadiliko ya mwanga wa chumba. Chaguo hili ndilo lililonipotosha kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote, kwa hiyo nitalieleza kwa namba. Tuseme programu inachanganya asilimia 1 ya fremu mpya ndani ya mandharinyuma kila mara, na kamera inapiga fremu 60 kwa sekunde. Kidole kilichotulia mahali pamoja kitakuwa kimepoteza nusu ya nguvu yake baada ya fremu 69 hivi, yaani sekunde moja na ushei, kwa sababu mandharinyuma yamekwisha kukihesabu kuwa sehemu ya kioo. Mtoto anayeshikilia picha ili aitafakari huponyokwa na picha hiyo, na kidole kinapoondoka hubaki kivuli cheusi kinachozuia mguso unaofuata mahali pale pale. Ukishusha kiwango hadi asilimia 0.05, nusu hiyo huchukua kama sekunde 23, muda unaotosha kwa mguso wa kawaida na bado unafuata mwendo wa jua, ingawa si wingu linalopita ghafla.

Mimi huanza na asilimia 0.05 na hupanda kwa hofu. Ikiwa unaandika programu yako mwenyewe, suluhisho bora kuliko namba yoyote ni kuyazuia mandharinyuma yasijifunze katika pikseli zilizo chini ya doa lililokwisha kutambuliwa kuwa kidole, na kuyaacha yajifunze kwingineko.

Vichujio

Kichujio cha kwanza hutia ukungu mdogo ili kuua chenga za pikseli mojamoja. Kiache kiwe kidogo. Kikizidi, vidole viwili vilivyokaribiana huungana kuwa kimoja. Kichujio cha pili hutoa toleo lenye ukungu mzito la picha kutoka kwa picha yenyewe, ili vitu vipana kama kivuli cha mkono au weupe wa dirisha vipotee na vitu vidogo vikali vibaki. Ukungu wake mzito uwe mpana kuliko kidole, kwani ukiwa mwembamba kuliko kidole utakitoboa katikati na kukigeuza pete. Wenye kutumia njia ya pili ya kuangaza watakitegemea sana kichujio hiki. Wa njia ya kwanza huenda wasikihitaji kabisa. Kipaza mwanga kinachofuata kitumike kidogo au kisitumike, kwa sababu kila kinachopaza kidole hupaza na chenga.

Kizingiti

Sasa umefika kwenye kitelezi ambacho wengi hukianzia. Kizingiti ni thamani ambayo pikseli ikiivuka huhesabiwa kuwa sehemu ya mguso na isipoivuka hutupwa. Kukishusha ni kuongeza wepesi wa kuhisi, na kukipandisha ni kuupunguza. Usikisogeze kwa kubahatisha huku ukitazama vidole vyako mwenyewe, maana vidole vyako vimekwisha kuizoea meza na bila kujua huibonyeza kwa namna inayoipenda.

Pima vitu viwili badala yake. Kwanza, acha skrini tupu kwa dakika mbili, ukitazama picha iliyokwisha kuchujwa, na uandike thamani ya juu kabisa iliyojitokeza popote. Hiyo ni dari ya chenga. Pili, gusa kwa wepesi kabisa pembe zote nne na katikati, na uandike thamani ya mguso dhaifu kuliko yote. Kwenye meza yangu dari ya chenga ilikuwa 14, na mguso dhaifu, uliokuwa kwenye pembe iliyo mbali zaidi na taa, ulikuwa 58. Pengo kati yao ni 44. Niliweka kizingiti kwenye thuluthi moja ya pengo hilo kutoka chini, yaani 29, nikalifanya 30.

Kwa nini thuluthi na si nusu? Chenga nimezipima na ninazijua, kwa hiyo sihitaji kukaa mbali nazo sana. Kidole dhaifu kuliko vyote ulimwenguni sijakipima, na kesho kinaweza kuingia mlangoni. Nafasi kubwa niiache upande wake. Lakini pengo lako likiwa chini ya 20, hakuna mahali popote pa kuweka kizingiti patakapokupa amani, na itakulazimu urudi kwenye taa. Hali kadhalika ikiwa pembe moja inatoa 58 na katikati inatoa 190, sambaza taa upya, kwa sababu kizingiti ni kimoja kwa skrini nzima na pembe iliyo gizani ndiyo itakayokiamua.

Kama programu yako inaruhusu vizingiti viwili, vitumie. Mguso uanze doa linapovuka 30, na uhesabike kuwa umekwisha pale tu linaposhuka chini ya 22. Nafasi hiyo kati ya kuanza na kuisha huzuia kidole kinachoyumba karibu na mpaka kisihesabiwe kuwa miguso kumi ya haraka, hitilafu inayowachosha watumiaji kuliko hata skrini isiyohisi.

Ukubwa wa doa

Hapa hesabu husaidia kuliko jicho. Skrini yangu ina upana wa sentimita 100 na kimo cha sentimita 75, na kamera yangu, PlayStation Eye ya mwaka 2007, inaweza kupiga pikseli 640 kwa 480 kwa fremu 60 kwa sekunde, au pikseli 320 kwa 240 kwa fremu 120. Katika hali ya kwanza kila sentimita ya skrini huchukua pikseli 6.4. Ncha ya kidole cha mtu mzima inayogusa kwa upana wa sentimita moja hutoa doa la pikseli 32 hivi. Kidole cha mtoto kinachogusa kwa milimita 7 hutoa pikseli 16. Katika hali ya pili kidole hicho cha mtoto hubaki na pikseli 4, ambazo ni vigumu kuzitofautisha na chenga. Ndiyo sababu nilichagua picha kubwa na kuacha kasi, ingawa kwa meza ya muziki, ambapo kuchelewa kidogo husikika, huenda ningeamua kinyume.

Weka kikomo cha chini kuwa kama theluthi mbili ya doa dogo kabisa unalotaka kulihisi. Kwangu ni pikseli 10. Kikomo cha juu kiruhusu kidole gumba kilicholazwa, ambacho kwenye meza yangu hufika pikseli 200 hivi, na kikatae kiganja, ambacho kinaweza kuzidi 2,000. Nimekiweka kwenye 300.

Jambo moja ambalo hakuna namba iliyonitayarisha nalo ni sweta za shule. Wakati wa baridi watoto huegemeza mikono mezani, na baadhi ya sweta zinazoonekana nyeusi au za samawati iliyokolea hung'aa kama karatasi nyeupe chini ya infraredi, kwa kuwa rangi zake hufyonza mwanga unaoonekana tu. Ukingo wa mkono wa sweta uliokunjwa unaweza kutoa doa lenye ukubwa wa kidole hasa, ambalo kikomo cha ukubwa hakitalikamata. Niliongeza fremu ya mbao yenye upana wa sentimita 8 kuzunguka kioo ili mikono ipate pa kuegemea, na tatizo likapungua kuliko lilivyopungua kwa kitelezi chochote.

Kufuatilia kidole na kulainisha mwendo

Programu nyingi za aina hii hutuma miguso kwa programu nyingine kwa itifaki ya TUIO, yaani kanuni ya mawasiliano iliyotolewa mwaka 2005, kwa kawaida kupitia mlango wa mtandao wa UDP namba 3333, na kila mguso hupewa namba yake unapoanza. Namba hiyo ni kipimo kizuri mno cha afya ya skrini. Buruta kidole polepole kutoka pembe hadi pembe huku mwenzako akiitazama. Ikibadilika njiani, mguso umekatika mahali hapo. Kama hukatika mahali pale pale kila mara, tatizo ni mwanga wa eneo hilo. Kama hukatika popote unapoongeza kasi, tatizo ni umbali ambao programu inaruhusu doa kuruka kati ya fremu mbili. Kidole kinachokwenda mita moja kwa sekunde husogea pikseli 11 hivi kwa kila fremu kwenye meza yangu, kwa hiyo niliruhusu 20, si zaidi, kwa sababu umbali ukizidi vidole vya watoto wawili waliokaribiana hubadilishana namba.

Ulainishaji huondoa mtetemo wa doa lakini hulipwa kwa kuchelewa. Wastani wa fremu tano kwa kasi ya fremu 60 huongeza ucheleweshaji wa milisekunde 33 hivi, na mtumiaji ataona picha ikivutwa nyuma ya kidole chake. Mimi hupendelea kichujio kiitwacho 1€, kilichochapishwa mwaka 2012 na Géry Casiez, Nicolas Roussel na Daniel Vogel, ambacho hulainisha sana kidole kinapokwenda polepole na kulegeza kinapoongeza kasi. Kina namba mbili tu: ya kwanza ya ulainishaji wa msingi, na ya pili ya kasi. Weka ile ya kasi kuwa sifuri, shikilia kidole kikiwa kimetulia, na ushushe namba ya kwanza mpaka mtetemo uishe. Kisha sogeza kidole haraka na upandishe namba ya kasi mpaka kuchelewa kuishe.

Kalibresheni

Kulinganisha picha ya kamera na picha ya projekta hufanywa baada ya yote yaliyotangulia, kwa sababu kitovu cha doa huhama unapobadilisha kizingiti au kichujio. Gusa kila alama ya gridi kwa kidole kimoja, ukiwa umesimama mahali pamoja. Mguso ukiangukia mbali na kidole kwenye kingo tu ilhali katikati uko sawa, ongeza idadi ya alama, maana lenzi pana huipinda picha zaidi kwenye kingo.

Pima kwa watu wengine

Keti pembeni na uwaite watu wasiopungua watano: mtoto wa miaka sita, mzee, mtu aliyetoka kunawa mikono, mtu anayefanya kazi ya mikono na mwenye kucha ndefu. Melanini hufyonza infraredi kidogo sana kuliko inavyofyonza mwanga unaoonekana, kwa hiyo rangi ya ngozi huleta tofauti ndogo. Ukavu wa ngozi na nguvu ya kugusa huleta kubwa. Nyanya mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake aligusa meza yangu kwa upande wa kidole, kwa upole uleule ambao mtu hushika nao kitu kisicho chake, na meza haikumhisi hata mara moja. Mguso wake ulikuwa 41, chini ya 58 niliyoiamini kuwa ndogo kuliko zote. Kizingiti cha 30 kilipaswa kuutosha, ila doa lake lilikuwa na pikseli 9. Nilishusha kikomo cha chini hadi 8, nikapima skrini tupu tena kwa dakika mbili, na hakuna chenga iliyopita.

Mwisho, hifadhi mipangilio katika faili mbili, moja ya asubuhi na moja ya alasiri, kila moja ikiwa na tarehe, thamani ya dari ya chenga na thamani ya mguso dhaifu kabisa. Rudia vipimo hivyo viwili katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua linapohama upande, na kila mara unaposafisha akriliki, kazi ambayo ifanywe kwa maji na sabuni laini, kwani spiriti huitia nyufa ndogondogo zinazotawanya mwanga. Ukishapakia faili, waombe watoto wainue mikono yao juu, nasa mandharinyuma upya, ndipo uwaruhusu waguse.